Tufaa la Shangazi na Ganda Lake

Mjini Tabora mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Zamani tulibeba uji wa ulezi ndani ya chupa ya chai, au mchuzi wa kuku wa kienyeji, au papai lililoivia mtini. Siku hizi kitu kinachohesabiwa kuwa cha heshima kuliko vyote kupelekwa wodini ni matufaa, yale ambayo sokoni kila mtu huyaita epo. Ndiyo maana shangazi yangu alipolazwa mwezi wa Machi, kwa sababu sukari yake ilikuwa imepanda kupita kiasi, nilisimama kwenye meza ya matunda jirani na stendi nikanunua manne kwa shilingi 1,000 kila moja, ingawa pembeni yake palikuwa na mapera yaliyonukia hadi barabarani, na fungu zima liliuzwa shilingi 500.

Shangazi aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akashukuru, akaomba kisu. Alilimenya tufaa moja taratibu kama anavyomenya kiazi, ganda likatoka utepe mmoja mrefu mwekundu, akalitupa kwenye ndoo ya taka, kisha akakata kipande cheupe na kuniuliza: "Baba, hili tunda linatibu nini hasa? Maana kila anayekuja analileta, na hakuna aliyeniambia." Ananiita baba kwa kuwa nimerithi jina la babu, na anaponiita hivyo najua kwamba anataka jibu la mtu mzima. Nilimwambia kwamba linaongeza damu na linaleta nguvu. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni, nami niliyatamka bila kusita, ingawa kazi yangu ni kufundisha baiolojia.

Njiani kurudi Isevya jibu langu lilinisumbua. Mgonjwa wa kisukari alikuwa ameuliza swali la haki kuhusu kitu anachokitia kinywani, nami nilimpa uvumi. Kwa wiki kadhaa nilisoma na kulinganisha kila nilichoweza kukipata juu ya tunda hili, na makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile akiwa bado ameshika kisu.

Nianze na jina, kwa sababu linachanganya. Ukimtajia tofaa mtu wa Unguja au Pemba, anaweza kufikiria tunda jekundu lenye umbo la kengele, laini na lenye maji mengi, ambalo mti wake ni ndugu wa mpera na mkarafuu. Tunda ninalolizungumzia ni jingine kabisa. Lenyewe ni la ukoo wa waridi, na asili yake ni misitu ya milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan, ambako jamaa zake wa mwituni bado wanaota hadi leo. Mengi yanayouzwa hapa Tabora yametoka Afrika Kusini, yakapita Dar es Salaam, yakapanda lori hadi kwetu yakiwa yamepangwa ndani ya maboksi kama mayai.

Sasa tuingie ndani ya tunda lenyewe. Tufaa la wastani lenye uzito wa gramu 180 hivi, likiliwa na ganda lake, lina kilokalori 95, sukari gramu 19, nyuzinyuzi gramu 4.4, vitamini C miligramu 8 hivi, na potasiamu karibu miligramu 195. Asilimia 86 hivi ya uzito wake ni maji. Mtu akiziangalia namba hizo kwa haraka anaweza kuvunjika moyo, na mimi mwenyewe nilivunjika moyo kidogo, kwa maana hakuna vitamini hata moja ambayo tufaa linaongoza. Vitamini C ya pera ni takriban mara 50 ya ile ya tufaa kwa uzito ule ule. Vitamini A, ambayo embe bivu inayo kwa wingi, katika tufaa ni haba mno.

Na damu je? Hapa ndipo nilipomkosea shangazi moja kwa moja. Madini ya chuma yaliyomo katika tufaa zima hayafiki hata robo ya miligramu, ilhali mahitaji ya mama mjamzito hukadiriwa kuwa miligramu 27 kwa siku. Mama huyo angetegemea matufaa peke yake, angelazimika kula zaidi ya 100 kila siku. Nadhani wekundu wa ganda ndio uliotudanganya, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba kitu chekundu kinakwenda kuwa damu. Anayetaka kuongeza damu kwa chakula anapaswa kutafuta maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani kama nsansa, na kula pamoja navyo tunda lenye vitamini C nyingi, kwa sababu vitamini hiyo husaidia mwili kuyanyonya madini ya chuma yatokayo kwenye mimea. Mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki kwa kudhani kwamba epo la kila asubuhi limechukua nafasi yake. Hili nalisisitiza kwa sababu nimelisikia likisemwa na watu ninaowaheshimu, na madhara yake ni makubwa.

Kwa hiyo, kama si damu wala si vitamini, sifa ya tufaa imesimama juu ya nini? Imesimama, kwa sehemu kubwa, juu ya nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe huziita makapimlo, pamoja na kundi la kemikali za mimea ziitwazo polifenoli. Neno makapi huenda linawafanya watu wavidharau vitu hivi, lakini ni hayo makapi yanayofanya kazi kubwa kuliko yote katika tunda hili.

Nyuzinyuzi za tufaa ni za aina mbili. Zipo zisizoyeyuka katika maji, nyingi zikiwa kwenye ganda, ambazo huufanya uchafu wa tumboni uwe na ujazo na usogee kwa urahisi, jambo ambalo mtu aliyewahi kukaa siku nne bila kupata choo hahitaji kuelezwa thamani yake. Kisha ipo pektini, inayoyeyuka. Pektini ndiyo inayofanya jemu igande baada ya kupoa, na ndani ya utumbo inafanya kitu kinachofanana na hicho: inavuta maji na kugeuka ute mzito. Sisi Wanyamwezi tuna mfano wa karibu, kwa kuwa anayekula mlenda anaujua ute wa namna hiyo. Chakula kikichanganyika na ute kinatoka tumboni polepole, na sukari yake inaingia kwenye damu kwa mwendo wa taratibu badala ya kumiminika kwa mkupuo.

Kazi ya pili ya pektini inahusu lehemu, yaani kolesteroli, na utaratibu wake unanivutia kila ninapoufikiria. Ini hutengeneza nyongo ili kusaidia kumeng'enya mafuta, na nyongo hiyo, baada ya kufanya kazi yake, kwa kawaida hunyonywa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini ili itumike upya. Pektini huinasa sehemu ya nyongo hiyo na kutoka nayo nje. Ini likikosa nyongo yake ya zamani hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni lehemu iliyomo mwilini. Hivyo huichota lehemu kutoka kwenye damu. Katika Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza, watafiti waliwalisha watu 40 wenye lehemu iliyopanda kidogo matufaa mawili kila siku kwa wiki nane, na katika kipindi kingine wakawapa kinywaji chenye sukari na nishati inayolingana. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba lehemu ilikuwa chini walipokuwa wakila matufaa. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, asilimia chache tu, na mtu aliyeandikiwa dawa za lehemu hawezi kuzitupa kwa ajili yake. Hata hivyo, kwa kitu kinacholiwa kama tunda baada ya mlo, si jambo la kupuuza.

Pektini haiishii hapo. Inapofika kwenye utumbo mpana, mahali ambapo vimeng'enya vyetu wenyewe vimeshindwa kuivunja, hupokewa na bakteria wanaoishi humo. Bakteria hao huichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ni chakula kikuu cha chembe hai zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Wanafunzi wangu hushangaa nikiwaambia kwamba sehemu ya tufaa hatuili sisi bali wageni wetu, na kwamba wageni hao ndio hutulipa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye vyakula vya asili. Tufaa moja linatoa karibu sehemu moja ya sita ya kiasi hicho. Wazee wetu walizipata kutoka kwenye ugali wa mtama, michembe, maharage na mboga za majani, bila kuzihesabu. Sisi tuliohamia kwenye sembe nyeupe, mkate mweupe na chipsi ndio tunaopaswa kuzitafuta kwa makusudi.

Nirudi sasa kwenye ule utepe mwekundu uliokwenda kwenye ndoo ya taka. Tufaa lililomenywa, kwa kila gramu 100, lina nyuzinyuzi gramu 1.3, wakati lisilomenywa lina gramu 2.4. Maana yake ni kwamba kwa kile kisu shangazi aliondoa karibu nusu ya nyuzinyuzi zote. Aliondoa pia karibu kwesetini yote, mojawapo ya zile polifenoli, ambayo katika tufaa hukaa kwenye ganda zaidi kuliko mahali pengine popote. Polifenoli hizo ndizo zinazofanya tufaa lililokatwa libadilike rangi na kuwa la kahawia, kama bilinganya au ndizi mbichi inavyofanya: kisu hupasua chembe zake, kimeng'enya kinakutana na polifenoli na hewa ya oksijeni, na rangi inabadilika. Watu wengi wanakitupa kipande kilichobadilika rangi wakidhani kimeharibika. Hakijaharibika, kinaliwa, na anayechukizwa na rangi hiyo akipake ndimu kidogo.

Shangazi alikuwa na sababu yake ya kumenya. Aliambiwa kwamba ganda limepakwa nta na sumu. Kuhusu nta, ni kweli kwamba matufaa mengi ya kusafirishwa hupakwa nta baada ya kuoshwa kiwandani, ili yasipoteze maji na yang'ae, lakini nta hizo ni za aina inayoruhusiwa kuliwa, na tufaa lina nta yake ya asili hata kabla ya kuchumwa. Kuhusu dawa za kuua wadudu, hofu hiyo si ya kuipuuza, kwa kuwa mitufaa hupuliziwa dawa mara nyingi shambani. Njia ya busara ni kuliosha tunda kwa maji safi yanayotiririka huku ukilisugua kwa viganja, kisha kulifuta kwa kitambaa kisafi. Zipo dawa zinazopenya kidogo ndani ya ganda, na kuosha hakuziondoi zote. Kwa maoni yangu, bado faida ya ganda inazidi, na mtu anayeishi katika mji wenye vumbi na mikono mingi inayoyagusa matunda anapaswa kuogopa zaidi vijidudu vya kuharisha vilivyoko juu ya ganda kuliko nta.

Sasa nifike kwenye jambo lililomleta shangazi wodini, kwa sababu hapa ndipo maneno ya watu yanapogongana zaidi. Mama mmoja aliyekuwa amelazwa kitanda cha jirani alimwambia kwamba mwenye kisukari hapaswi kugusa tunda lolote tamu maisha yake yote. Siku hiyo hiyo ndugu mwingine alileta boksi la juisi lenye picha ya tufaa jekundu, akisema kwamba juisi ni laini na mgonjwa hachoki kutafuna. Mama yule alikosea kwa kukataza kupita kiasi. Ndugu yule, kwa upendo wote aliokuja nao, alikosea vibaya zaidi.

Tunda zima na juisi yake si kitu kimoja, hata kama vimetoka mti mmoja. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza walichapisha katika jarida la The Lancet jaribio dogo ambalo ningependa kila familia yenye mgonjwa wa kisukari ilijue. Waliwapa watu 10 wenye afya njema matufaa mazima, siku nyingine matufaa yaliyopondwa yakawa rojorojo, na siku nyingine juisi, kiasi cha wanga kikiwa kile kile cha gramu 60 kila mara. Juisi ilinyweka kwa kasi ya mara 11 kuliko tunda lilivyotafunika. Waliokula tunda zima walishiba zaidi, waliokula rojorojo walishiba kiasi, na wanywaji wa juisi walishiba kidogo kuliko wote. Baada ya juisi, insulini ilipanda juu zaidi kuliko baada ya tunda zima, kisha sukari ya damu ikaporomoka chini ya pale ilipoanzia, jambo ambalo halikutokea kwa waliotafuna. Sukari ni ile ile, tunda ni lile lile. Kilichobadilika ni umbo tu. Ndani ya tunda zima sukari imefungiwa katika vyumba vidogo vidogo vya chembe hai, na meno na tumbo vinapaswa kuvibomoa kimoja kimoja. Mashine ya juisi imekwisha kuvibomoa vyote na kuzichuja nyuzinyuzi zikatupwa.

Kwa hesabu ya kawaida, juisi halisi ya tufaa, hata ile isiyoongezwa kitu, ina sukari ya takriban gramu 10 katika kila mililita 100, kiasi ambacho kinakaribiana sana na cha soda nyingi. Mgonjwa aliyekatazwa soda akapewa juisi amebadilishiwa chupa tu. Kuna hali moja ambayo juisi inamfaa mwenye kisukari, nayo ni pale sukari yake inaposhuka ghafla, akatetemeka na kutokwa jasho. Wakati huo anahitaji kitu cha haraka, na juisi ni ya haraka.

Ushahidi mwingine ulitolewa mwaka 2013 katika jarida la kitabibu la BMJ. Watafiti walizichambua taarifa za watu 187,382 nchini Marekani, wauguzi na wahudumu wengine wa afya waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Kwa kila milo mitatu ya matufaa au mapeasi kwa wiki, uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili ulikuwa chini kwa asilimia 7 hivi, na kwa juisi za matunda ulikuwa juu kidogo. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba tufaa ndilo lililozuia ugonjwa, kwa kuwa mlaji wa matunda huenda pia anatembea zaidi na kuvuta sigara kidogo, ingawa watafiti walijitahidi kuyazingatia hayo. Lakini unakwenda njia moja na lile jaribio la watu 10.

Kwa hiyo muuguzi aliyekuwa zamu alimpa shangazi ushauri ambao naukubali kikamilifu: ale tunda, alile zima, alitafune, ale kiasi cha tufaa dogo moja au nusu ya kubwa kwa wakati mmoja, asilirundike juu ya sahani ya wali, na apime sukari ili aone mwili wake mwenyewe unavyolipokea.

Nilipokuwa nikisoma nilikutana na kisa ambacho nilimsimulia baadaye, naye akanitaka nikirudie mara mbili. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kwenye ganda la mizizi ya mtufaa kitu kichungu walichokiita floridzini. Kwa kuwa kilikuwa kichungu kama mkwinini, walidhani kingetibu homa, pamoja na malaria. Mwaka 1886 daktari Mjerumani, Josef von Mering, aligundua kwamba kinafanya sukari itoke kwenye mkojo. Ilichukua miaka mingi kuelewa kwamba kinaziba milango ambayo figo huitumia kuirudisha sukari kwenye damu, na kutokana na ufahamu huo zikatengenezwa dawa za kisukari za kundi la dapagliflozini, ambazo madaktari wanaziandika leo. Isieleweke kwamba kula tufaa ni kunywa dawa hiyo; floridzini iliyomo ndani ya tunda ni kidogo, na nyingi yake huvunjwa utumboni. Ninaisimulia kwa sababu inaonyesha jinsi mti uliozoeleka ulivyokaa na siri yake huku watu wakiutumia kutibu ugonjwa usio wake.

Kuhusu uzito niseme kwa ufupi. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2009, watu wazima 58 walipokula vipande vya tufaa robo saa kabla ya chakula cha mchana, jumla ya nishati waliyokula, tufaa likiwemo, ilipungua kwa asilimia 15 kuliko siku ambazo hawakula kitu kwanza. Juisi haikuwasaidia kama tunda. Mtu anayepambana na tumbo lake anaweza kuanza hapo.

Nao ule msemo wa Waingereza kwamba tufaa moja kwa siku humweka daktari mbali, ambao wengi wetu tuliusoma kwenye ukuta wa darasa? Umbo lake la zamani lilichapishwa mwaka 1866 kama usemi wa watu wa Pembrokeshire huko Wales, ukisema kwamba ukila tufaa unapokwenda kulala utamnyima daktari mkate wake. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliupima kwa kuzichambua taarifa za watu wazima 8,399, ambao 753 kati yao walikuwa wakila tufaa kila siku. Baada ya kuzingatia elimu, uvutaji wa sigara na mengineyo, walaji wa matufaa hawakwenda kwa daktari mara chache kuliko wengine. Walionekana kutumia dawa za kuandikiwa kidogo kuliko wenzao, basi. Nimeuona utafiti huu ukitajwa kana kwamba umelivua tunda nguo, lakini mimi sioni hivyo. Mwenye afya njema naye huenda hospitali, kupima presha au kumpeleka mtoto kliniki, na idadi ya safari zake haisemi kitu kuhusu utumbo wake.

Yapo machache ya tahadhari. Tufaa lina fruktosi nyingi na sobito, sukari ambazo baadhi ya matumbo huzinyonya kwa shida, hivyo mwenye gesi na maumivu ya utumbo ya mara kwa mara anaweza kuzidiwa nalo, na haina maana kumlazimisha. Mbegu zina amigdalini, ambayo zikitafunwa hutoa sumu ya sianidi. Mbegu chache zilizomezwa nzima hazina neno, ila zisisagwe pamoja na tunda kwenye blenda. Mtoto mdogo asipewe kipande kigumu kinachoweza kumkaba. Apewe lililokwanguliwa au lililochemshwa. Kwa mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu, tufaa huwa tunda jepesi kuliko ndizi, ingawa kiasi atapangiwa na daktari wake.

Sasa ile meza ya matunda jirani na stendi. Baada ya kuyajua haya yote, siwezi tena kupita pale kwa macho ya mwanzo. Pera la shilingi 100 lina nyuzinyuzi gramu 5.4 kwa kila gramu 100, zaidi ya mara mbili ya tufaa, nalo lina pektini kiasi kwamba jemu yake huganda bila kuongezwa kitu. Huliwa na ganda lake bila mtu kuuliza, na sukari yake ni kidogo kuliko ya tufaa. Kwa miezi ile ya mapera, familia inayojinyima ili inunue epo la mgonjwa inajinyima bure. Sisemi hivyo kuhusu mwaka mzima. Kuna majuma ya kiangazi, mapera yamekwisha, maembe bado ni machanga, na furu na ntalali za porini hazijafika sokoni, ambapo tufaa, kwa kuwa linahifadhika baridini kwa miezi mingi, ni mojawapo ya matunda machache yanayopatikana. Wakati huo shilingi 1,000 ina kazi yake, hasa tunda hilo likigawanywa kwa watu wawili. Kinachoniuma ni kuona watoto wa mtaa wetu wakilitazama pera kama tunda la walioshindwa.

Shangazi aliruhusiwa mwishoni mwa mwezi. Nilipokwenda kwake Jumapili moja nilibeba tufaa moja na mapera sita, nikamweleza yote niliyoyaandika hapa, tangu damu hadi ganda. Nilimwomba radhi kwa jibu la siku ile. Alisikiliza, akaenda kuliosha tufaa kwenye bomba la uani akilisugua kwa vidole, akalikata vipande vyembamba na ganda lake kwa sababu meno yake ya nyuma yameondoka, tukagawana nusu kwa nusu. Alitafuna muda mrefu. Alisema ganda ni kama karatasi mwanzoni, kisha linakuwa na ladha kuliko nyama yake.

Mbegu hakuzitupa. Alizitia kwenye kopo la udongo dirishani, nami nikamweleza kwamba mche wa mbegu hauzai tunda lile lile na kwamba ndiyo maana mitufaa hupandikizwa. Nikaongeza kwamba aina nyingi zinahitaji mamia ya saa za baridi kali ili zichanue, baridi ambayo Njombe, Makete na Lushoto wanaipata kidogo, lakini Tabora hatunayo. Alilimwagia maji lile kopo, akanionyesha kwa kidevu mwembe mkubwa ulio nyuma ya nyumba.

"Na huu nao, baba, uliletwa na wenye misafara," alisema. "Watu walikuwepo wakasema hautaota."